Namna ya kusoma lebo ya umeme kabla hujanunua friji

Mimi ni fundi wa friji na viyoyozi hapa Mombasa. Karibu kila wiki naletewa kwenye simu picha ya lebo iliyopigwa dukani, na chini yake swali ni lilelile. "Fundi, hii ina nyota nne, nichukue?" "Muuzaji aniambia hii ni A, hakuna iliyo juu yake, ni kweli?" "Hii ya Dubai na hii ya Nairobi zote ni nyota tano, mbona bei zapishana hivi?" Nimejibu mmoja mmoja kwa muda mrefu. Sasa naandika mara moja, kila anayeuliza asome hapa.

Friji hulipiwa mara mbili. Mara ya kwanza ni dukani, pesa unazitoa ukiziona. Mara ya pili ni kwenye tokeni, kidogo kidogo, usiku na mchana, kwa miaka kumi au kumi na tano, na malipo haya ya pili mara nyingi huyapita ya kwanza. Serikali zimelazimisha lebo ili uyaone malipo ya pili kabla hujafanya ya kwanza. Mwenye kuijua kuisoma anahitaji dakika kumi tu dukani.

Nimeshika friji kwa sababu ndiyo inayokaa kwenye soketi bila kuchomolewa. Viyoyozi, balbu na nyumba nitazigusa baadaye kwa ufupi.

Unachohitaji kabla ya kutoka nyumbani

- Risiti au ujumbe wa tokeni yako ya mwisho. Chukua pesa zote ulizolipa, gawanya kwa uniti ulizopata. Kama ulilipa 1,000 ukapata uniti 34, kila uniti yakugharimu shilingi 29 na kitu. Tumia hesabu hii yako mwenyewe, kwa sababu ndani yake mna kodi na tozo zote. Bei ya jirani si lazima iwe yako.
- Simu yenye chaji, data, kikokotoo na tochi. Tochi utaihitaji nyuma ya friji.
- Futi ya kupimia, na vipimo vya mahali friji itakapokaa. Ongeza sentimita kumi nyuma kwa ajili ya hewa.
- Ukubwa unaouhitaji, kwa lita, umeandikwa kwenye karatasi. Uamue nyumbani. Ukienda bila namba, muuzaji atakuuzia ile anayotaka iondoke.

Hatua ya 1: Tafuta lebo, kisha ujue ni ya nchi gani

Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa hiyo nitakaa hapa zaidi.

Friji zinazouzwa Afrika Mashariki hutoka kila pembe, na kila moja huja na lebo ya kwao. Nyota tano za nchi moja si nyota tano za nchi nyingine. Kila serikali ina kipimo chake cha kugawa nyota, na imekigawa mwaka wake.

Lebo ya Kenya ni ya nyota, kuanzia moja hadi tano, na nyota zikiwa nyingi ndipo kifaa kinapotumia umeme vizuri zaidi. Inasimamiwa na EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, chini ya kanuni za mwaka 2016. Kanuni hizo zinagusa friji za nyumbani, viyoyozi, balbu na mota za viwandani, na modeli inatakiwa isajiliwe kabla ya kuingizwa nchini na kuuzwa. Kwa hiyo ukiingia duka la friji mpya Kenya ukakuta hazina lebo, una haki ya kuuliza kwa nini.

Lebo ya Ulaya ni ya herufi, yenye mishale ya rangi kutoka kijani hadi nyekundu. Utaikuta sana kwenye mitumba. Sikiliza vizuri, maana hii ndiyo inayowaponza watu. Lebo za kwanza za friji za Ulaya, za miaka ya 1990, zilikwenda A hadi G. Viwanda vikaboresha friji hadi karibu kila moja ikawa A, zikaongezwa A+ na A++, na baadaye A+++. Tarehe 1 Machi 2021 wakafuta hizo plasi zote na kurudi A hadi G, ila kwa kipimo kikali zaidi, na wakaiacha A karibu tupu kwa makusudi ili viwanda viwe na mahali pa kupandia. Friji iliyokuwa A+++ mwaka 2019 leo huweza kusomeka C au D, nayo ni friji ileile.

Kwa hiyo A kwenye lebo ya A hadi G yaweza kuwa bora kabisa, au yaweza kuwa ya zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Utazitofautishaje? Tazama pembe ya juu kulia. Lebo ya 2021 na kuendelea ina msimbo wa QR. Kama hakuna QR, hiyo A ni ya kale.

Jirani yangu anauza barafu za ukwaju na ubuyu. Alinunua friji ya mtumba yenye A isiyo na QR, na aliyemuuzia alimwapia kwamba A ndiyo ya juu. Alikuja kwangu akidhani mita yake imeharibika. Niliipima ile friji siku nzima: uniti 1.9. Kwa mwaka hiyo ni uniti 693, na kwa shilingi 30 kila uniti ni karibu 20,800. Barafu zake anauza shilingi kumi. Auze barafu elfu mbili na themanini, na zote ziingie kwenye tokeni, kabla hajahesabu sukari wala maji. Niliumia kumwambia.

Lebo ya India nayo ni ya nyota moja hadi tano, na friji za huko ni nyingi madukani kwetu. Jambo zuri walilofanya ni kuandika kwenye lebo kipindi inachohusu, mwaka gani hadi mwaka gani. Kipimo chao hukazwa kila baada ya muda, hivyo nyota tano za zamani leo zaweza kuwa tatu. Soma kile kipindi.

Za Ghuba huja na maandishi ya Kiarabu na Kiingereza. Falme za Kiarabu hutumia nyota, hadi tano. Usizilinganishe na nyota za Kenya.

Za Marekani zina karatasi ya manjano iitwayo EnergyGuide, na nyingine zina nembo ya buluu ya Energy Star. Ile ya manjano ni ya lazima kwao tangu 1980 na inaonyesha matumizi. Energy Star ni ya hiari, ilianzishwa na shirika lao la mazingira mwaka 1992 kwa kompyuta na skrini, ikasambaa hadi friji, nyumba na majengo. Haina nyota za kuhesabu. Kifaa ama kimefuzu, ama hakina nembo.

Onyo: alama ya ubora ya KEBS, ya TBS, au herufi CE si lebo ya umeme. Zinahusu viwango na usalama wa bidhaa. Friji yaweza kuwa nazo zote na bado ikala tokeni kama moto wa makuti.

Hatua ya 2: Ruka nyota, soma namba ya matumizi kwa mwaka

Baada ya maelezo yote hayo ya nyota na herufi, sasa ziache. Tafuta namba yenye maneno "kWh" na "mwaka" kwa Kiingereza: kWh/year, kWh/annum, au kwenye lebo ya India, units per year. kWh moja ni uniti moja ya tokeni. Namba hii haina uraia. Iwe ya Ulaya au ya India, uniti ni uniti.

Iandike kwenye karatasi yako pamoja na namba ya modeli.

Ila elewa inavyopatikana. Friji hupimwa maabara, mlango umefungwa. Kipimo kipya cha Ulaya huchanganya matokeo ya chumba cha nyuzi 16 na chumba cha nyuzi 32. Jikoni Mombasa au Dar mwezi wa Machi hakuna nyuzi 16, na mlango unafunguliwa na watoto kutwa. Friji yako itakula zaidi ya lebo. Namba ni ya kulinganishia friji na friji, usiitegemee kama bili.

Hatua ya 3: Linganisha lita kwa lita

Friji ya lita 90 yenye nyota mbili yaweza kutumia umeme kidogo kuliko ya lita 400 yenye nyota tano. Nyota hutolewa kwa kuzingatia ukubwa. Friji kubwa hushindana na kubwa wenzake, ndogo na ndogo wenzake.

Kwa hiyo panga friji za lita zinazokaribiana, zenye muundo mmoja: yenye friza juu kwa yenye friza juu, ya milango miwili kwa ya milango miwili. Ndani ya kundi hilo ndipo nyota zinasema kweli. Na kama familia yenu ni ya watu watatu, swali la kwanza ni kama lita 400 mnazihitaji.

Hatua ya 4: Geuza uniti kuwa shilingi

Chukua kWh za mwaka, zidisha kwa bei yako ya uniti. Basi.

Mfano. Friji ya kwanza ni shilingi 38,000 na lebo yasema kWh 400 kwa mwaka. Ya pili ni 52,000 na lebo yasema kWh 190. Uniti ni shilingi 30. Ya kwanza itakula 12,000 kwa mwaka, ya pili 5,700. Tofauti ni 6,300 kila mwaka. Ile nyongeza ya 14,000 uliyotoa dukani inarudi kabla ya mwaka wa tatu kwisha, na mwaka wa kumi utakuwa mbele kwa shilingi 49,000. Hizo ni pesa za friji nyingine karibu nzima.

Kuna jambo lingine ambalo wauzaji hawalitaji. Kenya, wateja wa nyumbani wamepangwa kwa matumizi ya mwezi: hadi uniti 30, hadi 100, na zaidi ya 100, na kila ngazi ina bei yake. Tanzania, ile bei nafuu ya mtumiaji mdogo huishia uniti 75 kwa mwezi. Friji inayokula uniti 50 kwa mwezi yaweza kukutoa ngazi ya chini na kukupandisha, na hapo hata taa na televisheni unaanza kuzilipia bei ya juu. Friji ya uniti 16 kwa mwezi huenda ikakuacha ulipo. Kwa nyumba ndogo, hili peke yake latosha kuamua.

Hatua ya 5: Washa tochi, soma kibati cha nyuma

Nyuma ya friji, au ndani ubavuni karibu na droo ya mboga, kuna kibati au kibandiko chenye maandishi madogo. Hapo tafuta mambo manne.

*Volti na hezi.* Kwetu inatakiwa 220 hadi 240, na 50Hz. Friji ya Marekani ni 115 hadi 120 na 60Hz. Ndugu yangu aliteremshiwa moja kwenye kontena kutoka kwa shemeji yake, nzuri, kubwa, yenye nembo ya Energy Star. Ilibidi anunue transfoma ya kushusha volti. Transfoma yenyewe hula umeme saa ishirini na nne hata friji ikiwa imetulia, tena haibadilishi hezi, hivyo mota ya 60 inazunguka polepole na kupata moto. Lebo ilikuwa ya kweli, ila ilikuwa ya kweli huko Marekani. Jihadhari pia na vifaa vya Saudia: volti zao zaweza kukubaliana na zetu, lakini umeme wao ni 60Hz. Oman na Falme za Kiarabu ni 50, kama sisi.

*Daraja la hali ya hewa.* Ni herufi: SN, N, ST au T. SN na N zimetengenezwa kwa chumba kisichozidi nyuzi 32. ST hufika 38, T hufika 43. Ukiwa Mombasa, Malindi, Zanzibar, Dar, Garissa, tafuta ST au T. Nairobi, Arusha au Limuru, N yatosha. Mitumba mingi ya Ulaya kaskazini ni SN au N. Hapa pwani kompresa yake, ile mota ya kusukuma gesi, haipati pumziko, na ile namba nzuri ya lebo inabaki karatasi.

*Gesi.* R600a ndiyo ya siku hizi, haiharibu ozoni na joto inaloongeza angani ni kidogo sana. R134a bado ipo. Ukiona R12, iache hapohapo: ni katika gesi zilizoondolewa na mkataba wa Montreal wa 1987, na friji yenyewe ni kongwe. R600a inashika moto, hivyo fundi asiyeijua asiishike na tochi ya kuchomea.

*Wati.* Hii nakutajia ili usiitumie. Watu huchukua wati 100 za kibatini, wakazidisha kwa saa 24 na siku 365, wakashtuka. Kompresa huwaka na kuzima, haifanyi kazi kutwa nzima. Ikiwa kibati kina namba ya kWh/24h, hiyo ndiyo ya kuchukua, zidisha kwa 365.

Hatua ya 6: Hakikisha lebo ni ya friji hiyo

Lebo hubandikwa kwa gundi, na gundi hubanduka. Namba ya modeli kwenye lebo na ile ya kibati cha nyuma zifanane herufi kwa herufi. Herufi moja ya mwisho ikitofautiana, ni modeli nyingine.

Kama ina QR ya Ulaya, ipige kwa simu. Itakupeleka kwenye hifadhi ya Umoja wa Ulaya inayoitwa EPREL, na modeli itatokea na matumizi yake. Kwa friji mpya Kenya, muulize muuzaji usajili wa EPRA wa modeli hiyo. Mwenye bidhaa halali hatakasirika.

Neno "inverta" lililoandikwa kwa herufi kubwa mlangoni nalo si ushahidi. Kompresa za inverta, zinazobadilisha mwendo badala ya kuwaka na kuzima, ni nzuri, mimi mwenyewe nazipenda, lakini ushahidi ni namba ya kWh.

Hatua ya 7: Kama ni mtumba, pima mwenyewe

Friji ya mtumba lebo yake yaelezea ilivyokuwa ujana wake. Ghana waliona balaa la friji kuukuu kutoka nje hadi wakapiga marufuku uingizaji wake kuanzia 2013. Sisi mitumba bado tunainunua, kwa hiyo tupime.

Njia nyepesi ni mita ndogo ya kuchomeka soketi, inayohesabu uniti. Fundi mzuri anayo. Iache saa 24, na kwa friji isiyogandisha barafu kutani (no frost) iache siku tatu ugawe kwa tatu, maana ile hita ya kuyeyusha barafu huwaka kwa vipindi.

Huna mita hiyo? Tumia ya nyumba. Chomoa kila kitu, acha friji peke yake. Tazama uso wa mita, kuna kitaa chekundu kinachopepesa na maandishi kama "1000 imp/kWh". Maana yake kitaa kikipepesa mara 1,000 uniti moja imekwisha. Hesabu kwa saa moja nzima. Kikipepesa mara 80, friji imekula 0.08 ya uniti kwa saa, yaani karibu 1.9 kwa siku. Kama mita yako inasema 1600 au 3200, gawanya kwa namba hiyo. Na kama mita iko juu ya nguzo, nyumbani una kile kidude cha kuingizia tokeni tu, soma salio la uniti, acha friji peke yake usiku kucha, soma tena asubuhi.

Friji iwe imeshawaka angalau nusu siku kabla ya kuanza kupima. Ikiwa bado haijafikia ubaridi wake, utapata namba kubwa ya uongo.

Hatua ya 8: Iweke vizuri, lebo ifanye kazi

Isimame mbali na jiko na jua la dirisha. Acha nafasi nyuma na juu, usiifunike kitambaa cha kufuma hadi mgongoni, najua inapendeza. Ndani nyuzi 4 zatosha, friza kumi na nane chini ya sifuri. Kwa friji za swichi ya kuzungusha, namba kubwa ni baridi zaidi, na wengi huiacha kwenye 7 mwaka mzima bila sababu.

Raba ya mlango ijaribu kwa noti: fungia noti mlangoni, ivute. Ikitoka bila kukaza, baridi nayo yatokea hapo. Fanya hivyo pande zote nne. Raba ya jirani yangu muuza barafu ilikuwa imechanika upande wa bawaba, ambako macho hayafiki. Kuibadilisha kulipunguza matumizi, ingawa friji yenyewe ilibaki kongwe.

Kiyoyozi, balbu na nyumba

Kwa kiyoyozi, namba ya mwaka haikusaidii sana kwa sababu hutegemea saa unazokiwasha. Tafuta uwiano wa baridi kwa umeme, unaoandikwa EER. Kiyoyozi cha BTU 12,000 hutoa baridi ya wati 3,500 hivi. Kikitumia wati 1,000, EER ni 3.5. Kikitumia 1,350, ni 2.6, na ukikiwasha saa nane mfululizo hiyo ni tofauti ya karibu uniti tatu kila usiku. EER za Kimarekani huandikwa kwa kipimo kingine: ukiona 12, gawanya kwa 3.4 kwanza.

Balbu: soma lumeni, ndizo mwanga. Balbu ya zamani ya wati 60 ilitoa lumeni 800 hivi, na LED ya wati 8 au 9 hutoa hizohizo.

Ndugu zetu mnaokodi Uingereza, nyumba zenu nazo zina lebo, cheti cha EPC, A hadi G, kinachodumu miaka kumi. England na Wales mwenye nyumba kwa kawaida haruhusiwi kupangisha iliyo chini ya E. Unaweza kukitafuta bure kwenye daftari la serikali kwa kutumia anwani, na ukitafute kabla ya kulipa amana, kwa sababu kupasha moto nyumba ya E na ya C baridi ya Januari ni bili mbili tofauti kabisa. Marekani, nembo ya Energy Star hupewa pia nyumba mpya, na majengo makubwa hupewa alama 1 hadi 100, yanayofika 75 yakaweza kuthibitishwa.

Ukikwama

*Friji haina lebo kabisa.* Ikiwa mpya, nenda duka lingine. Ikiwa mtumba, tafuta namba ya modeli mtandaoni pamoja na neno kWh, na ukikosa, pima kama hatua ya 7. Muuzaji akikataa isipimwe, nawe kataa kulipa.

*Ni mpya, nyota nyingi, lakini inakula mara mbili ya lebo.* Angalia kwa mpangilio huu: nafasi ya nyuma, raba, swichi ya baridi, daraja la hali ya hewa. Kisha angalia barafu. Ikifika nusu sentimita kwenye kuta za friza, yeyusha. Usiikwangue kwa kisu, bomba la gesi liko nyuma ya plastiki hiyo nyembamba. Vikiwa vyote sawa, irudishe dukani ukiwa na warantii na namba ulizoandika.

*Umeme wa mtaa hupanda na kushuka.* Weka gadi ya friji, yenye kuchelewesha dakika chache kabla ya kurudisha umeme. Kompresa inayorudishiwa umeme papo hapo huumia, na iliyoumia hula zaidi.

*Friji nimeipima iko sawa, tokeni bado zaisha.* Basi mwizi ni mwingine. Anza na shawa ya maji moto, pasi, na pampu ya maji.

*Fundi asema friji inakula umeme kwa sababu gesi imepungua, ajaze.* Gesi ya friji hailiwi wala haiishi kwa kutumika. Ikiwa imepungua kuna mahali inavuja. Mwambie akuonyeshe tundu na alizibe kwanza, ndipo ajaze. Akijaza bila kuziba, baada ya miezi michache atarudi kuchukua pesa nyingine.